Moyo wa Pili wa Nassibu

Mwanaidi alizoea kumkanda mumewe mgongo kwa mafuta ya nazi kila arudipo kupalilia mikorosho. Siku ile, uani kwao Mitole, Nassibu aligeuka chali akicheka. "Leo nikande na tumbo, Mama Umi."

Kiganja chake kilipotua juu kidogo ya kitovu, kitu kikampiga kutoka ndani. Tu, tu, tu. Kama moyo wa pili.

"Baba Umi, nini hii?"

"Njaa hiyo."

Mwanaidi hakucheka. Marehemu Abdulrahmani, kaka yake Nassibu, alianguka shambani Njinjo ameshika tumbo, na kabla ya magharibi akafariki. Watu walisema karogwa. Kesho yake Mwanaidi alimwamkia mumewe na kumwambia avae kanzu safi, wanakwenda hospitali.

Daktari Debora, binti wa umri wa Umi wao, aliwaamkia kwa heshima, akampima presha, kisha akampaka tumboni mafuta ya baridi na kupitisha kipimo cha utrasaundi. Alikitazama kioo kwa muda.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Tangu ujana."

"Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni kushuka tumboni, umevimba mara tatu ya kawaida. Sigara na presha vimeuchosha ukuta wake. Na kwa hayo mliyonieleza ya kaka yako, huenda ni udhaifu wa ukoo. Uvimbe ungekuwa mdogo, tungeshusha presha na kuupima kila baada ya muda. Huu umeshakuwa mkubwa. Ukipasuka, ni vigumu kumwahi mtu. Inabidi upasuaji, Dar es Salaam. Watashonea bomba la kitambaa maalumu, damu ipite humo."

Nje, Nassibu alikaa kwenye benchi, akakataa. "Nipasuliwe kama papa? Siumwi popote. Acha nife kwetu."

"Na mimi unaniachia nani?"

Nassibu akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaifinya, akaitupa.

Siku ya upasuaji Mwanaidi alikaa ukumbini na Umi, tasbihi mkononi, akisahau alikofikia na kuanza upya. Daktari mpasuaji alipotoka akivua barakoa, alisema maneno machache tu: "Mama, tumemwahi." Mwanaidi alilia hapo hapo, mbele za watu.

Nassibu alipofumbua macho alimtafuta mkewe. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Umekula?"

"Wewe ndiye mgonjwa, unaniuliza mimi?"

"Umekonda. Kale kwanza."

Alipopata nguvu ya kuketi aliomba simu, akampigia Iddi, mwana wa marehemu kaka yake.

"Baba mdogo, shikamoo! Pole sana."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Baba yako hakurogwa. Nenda kapimwe tumbo, na hizo sigara uache."

"Nitakwenda, baba mdogo."

"Nenda na mkeo," Nassibu akasema. "Usiende peke yako."