Mkoba Uliokaa Daraja la Kwanza

Basili Margwe alizaliwa Nambis, kwenye mteremko ambao ukiangusha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani, na mpaka anatimiza miaka thelathini na sita hakuwahi kutamani kitu kwa moyo wote isipokuwa kupanda ndege. Mambo mengine yalimjia yenyewe. Kazi aliipata, mke alimpata, watoto walikuja. Ndege ndiyo haikuja.

Tamaa hiyo ilimwingia utotoni, mama yake alipolazwa hospitali ya Haydom. Ndege ndogo ilitua kumchukua mgonjwa mwingine, mzungu akashuka akiwa amekunja mikono ya shati, na Basili akaona kwamba mtu anaweza kutoka mawinguni na viatu vyake vikawa safi. Alipokua aliteremka tambarare za Hanang, akaajiriwa kwenye shamba la ngano la serikali. Alianza kwa kubeba magunia, akapewa trekta, halafu kombaini ya kuvunia ngano. Huko shambani wataalamu kutoka Kanada walikuwa wakiletwa na ndege ya injini moja iliyotua kwenye kiwanja cha nyasi karibu na karakana, na mara nyingi aliyetumwa kufukuza ng'ombe kiwanjani kabla haijatua alikuwa Basili. Alisimama karibu nayo kiasi cha kunusa mafuta yake. Miaka kumi na miwili alisimama hivyo, na hakuna siku hata moja alipoambiwa, "Haya, panda na wewe."

Mwaka 1986 mavuno yalikuwa mengi hata maghala yakatapika. Meneja wa shamba, mzee Theodory, akafanya sherehe. Walichinjwa ng'ombe wawili, na ikachezeshwa bahati nasibu kwa wafanyakazi wote. Zawadi kubwa ilitolewa na wakala mmoja wa safari wa Arusha aliyekuwa akiwauzia wataalamu tiketi: siku tatu za mapumziko Nairobi, kwa ndege, daraja la kwanza, mtu mmoja. Zawadi nyingine zilikuwa blanketi, sufuria na ndoo.

Kila mtu aliingiza mkono ndani ya debe na kutoa karatasi iliyokunjwa. Basili alipata ndoo ya plastiki, ya kijani. Nyuma yake kidogo kwenye foleni alikuwepo mke wake Efrazia, ambaye kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia ghalani. Efrazia alikunjua karatasi yake, akaisoma, akaisoma tena, kisha akampa karani aisome kwa sauti.

Watu walipiga makofi na vigelegele. Basili naye alipiga makofi, ndoo ikiwa imening'inia mkononi, inagonga goti lake. Alihisi kama mtu aliyekaa mlangoni kwa daktari tangu alfajiri, halafu mwingine aliyefika sasa hivi akaitwa kabla yake. Na huyo mwingine hata homa hana! Efrazia hakuwahi kutazama ndege. Ilipopita juu ya ghala, wanawake wote wakitoka nje, yeye alibaki na sindano yake akisema itarudi tu.

Siku tatu Basili alivumilia. Siku ya nne akaenda ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Basili. Kombaini ina nini?"

"Kombaini nzima. Ni ile safari. Mke wangu ana hofu ya kwenda juu. Nimeona ni afadhali jina liandikwe langu."

Mzee Theodory alivua miwani. "Amekutuma yeye?"

"Mimi ndiye mume wake, mzee."

"Hilo nalijua, nilikuwepo kanisani. Nauliza kama amekutuma."

Basili alitazama kalenda ukutani.

"Mlete aseme mwenyewe," meneja akasema, "nitaandika jina lako sasa hivi."

Hakumleta. Jioni hiyo Efrazia alipomuuliza kama anajua Nairobi kuna baridi kiasi gani, alimjibu kwamba yeye si mtu wa redio, atajuaje.

Siku ya safari Nicodemo, dereva wa Land Rover, aliwapeleka uwanja wa Kilimanjaro. Efrazia alivaa gauni la harusi ya mdogo wake na kubeba mkoba mweusi wa kuazima kwa jirani yao Juliana. Waliagana mlangoni. Basili na Nicodemo wakapanda ghorofani, mahali pa kupungia mikono, wakasimama kwenye ukuta.

Ndege ile haikuwa ndogo kama ya shambani. Ilikuwa na ngazi mbili, ya mbele na ya nyuma. Abiria wengi walijipanga nyuma: wafanyabiashara, masista wawili, mzungu mwenye ndevu na kamera. Mbele walielekezwa watu wanne tu. Bwana mmoja wa suti alifika kwenye ngazi pamoja na Efrazia, akasogea pembeni, akamwashiria kwa mkono apite kwanza. Na Efrazia akapita. Hakukimbia, hakujikwaa, wala hakugeuka mpaka alipofika juu mlangoni, ndipo akapunga mkono upande ambao hawakuwepo.

"Yule shemeji kabisa!" Nicodemo akacheka. "Utadhani ni mke wa balozi."

"Twende," Basili akasema. "Njia ni ndefu."

"Hatusubiri iruke?"

"Nimeshaona ndege zikiruka."

Lakini hakuondoka. Alisubiri mpaka ilipokuwa nukta, na nukta nayo ikafutika.

Efrazia alirudi akiwa na pakiti mbili za majani ya chai ya Kenya, shati la Basili, na masimulizi. Jumapili mchana, baada ya ibada, kambi nzima ya wafanyakazi ilikuja kukaa uani kwao. Basili alivaa shati jipya, akakaa kwenye gogo akijifanya anarekebisha mpini wa jembe.

Efrazia hakuwa msimuliaji. Alieleza kama anavyoshona, pole pole, bila kuruka tundu. Alieleza jinsi Mlima Kilimanjaro ulivyokuwa chini ya mkono wake, theluji yake imekunjamana kama shuka ambalo halijanyooshwa. Alieleza hoteli, na maji ya moto yanayotoka ukutani usiku na mchana.

"Tuambie hilo daraja la kwanza," Juliana akasema. "Kiti kilikuwaje? Kama kitanda?"

"Hapana. Viti ni vile vile kama vya nyuma. Mimi nilichungulia. Vitatu upande huu, vitatu upande ule, kitambaa kile kile. Wameweka tu pazia katikati."

Watu wakanung'unika kwa kuvunjika moyo. "Sasa ukubwa wake uko wapi?"

"Ukubwa ni kwamba unakunywea kwenye bilauri, wale wa nyuma wanapewa vikombe vya plastiki. Na kile kiti cha katikati hakai mtu. Wanakiacha kitupu, wanakilaza mgongo kiwe kama kimeza, ili mtu wa dirishani asigusane na mwenzake."

"Kitupu?" Lilikuwa neno la kwanza la Basili tangu watu waingie uani.

"Kitupu, Baba Margwe."

"Njia nzima?"

"Kwenda na kurudi."

"Sasa uliweka nini hapo?"

"Mkoba."

"Mkoba wangu!" Juliana akapiga kelele akishika kichwa. "Jamani, mkoba wangu umekaa daraja la kwanza!" Na ua mzima ukaanguka kwa kicheko.

Basili aliinama juu ya mpini. Kama wangemwambia mke wake alipanda peke yake kwa sababu hapakuwa na nafasi, angemeza. Lakini nafasi ilikuwepo, karibu naye, ina mkanda wake na kitambaa chake, ikasafirishwa tupu juu ya nchi mbili, na kilichowekwa pale ni mkoba wa ngozi bandia wenye zipu mbovu. Tangu siku hiyo alipouona mkoba ule begani kwa Juliana aliangalia pembeni, kama mtu anayepishana na mdai wake.

Wivu ulimfanyia kitu cha ajabu: ulimfanya asikilize. Kila mgeni alipokuja na Efrazia kurudia habari zake, Basili alikuwa karibu, na mke wake alipokosea alimsahihisha. "Ulisema aliyekuletea juisi alikuwa na kilemba chekundu, sasa unasema bluu." Alijua ile safari kuliko mwenye safari. Shambani, peke yake juu ya kombaini, ngano ikilala mbele yake, aliisimulia kwa sauti, na katika kusimulia kwake aliyekaa dirishani alikuwa mwanamume.

Siku ya mnada wa Katesh akaenda kuuza dume lake. Baada ya kuuza aliingia kilabuni na wanunuzi wawili wa Singida ambao hakuwahi kuwaona. Mmoja akataja kwamba kaka yake amewahi kupanda ndege.

"Hata mimi," Basili akasema.

Lilitoka kabla hajalifikiria. Wakamgeukia. Na kwa kuwa walimgeukia, akaendelea. Aliwapa ngazi ya mbele na bwana wa suti aliyempisha. Aliwapa theluji. Aliwapa bilauri, pazia, kiti cha katikati kilicholazwa mgongo. Alisimulia vizuri, Mungu anisamehe, vizuri kuliko Efrazia, maana yeye alikuwa na njaa nayo. Meza za jirani zikanyamaza. Mtu akamnunulia pombe.

Hakuona kwamba mlangoni, akiwa amejifunga shuka na fimbo mkononi, alikuwa amesimama Gidamis.

Gidamis alikuwa mfugaji wa tambarare zile, na njia yake ya zamani ya kwenda kwenye maji sasa ilikuwa imelimwa ngano, hivyo alizunguka mbali. Lakini na Efrazia walikuwa wanapatana. Yeye ndiye aliyemletea maziwa kila asubuhi. Kesho yake alipomimina maziwa akasema, bila ubaya wowote, kwa furaha kabisa:

"Mama Margwe, kumbe mlipanda wote wawili! Jana mzee ametueleza pale Katesh mpaka mimi nikahisi masikio yanaziba."

Efrazia alishika kibuyu kwa mikono miwili. "Alieleza nini?"

Gidamis akamwambia yote.

Basili alipotoka ndani anafunga vifungo, Gidamis alishaondoka, na Efrazia amekaa kwenye kizingiti. Hakupandisha sauti.

"Baba Margwe, bwana wa suti alikupisha wewe?"

Alijua mara moja. Alifungua mdomo aseme ilikuwa pombe, ilikuwa mzaha, lakini mke wake alikuwa anaendelea.

"Hata kule ofisini ulikokwenda nilijua. Mzee Theodory aliniita, akaniuliza kama ninaogopa kwenda juu. Wewe sikukuuliza. Nikajisemea, mume wangu ametamani tangu utoto, mwache. Lakini hili la jana." Akaweka kibuyu chini. "Nyumba hii ni ya kazi yako. Shamba la Nambis ni la kwenu. Mtoto wa kwanza ana jina la baba yako. Kombaini ikipita watu wanasema ile pale ya Basili, na magunia ninayoshona mimi hayana jina la mtu. Nilipata kitu kimoja. Kimoja tu. Nacho umekwenda kukinywea pombe?"

Basili alikwenda kazini bila chai. Siku hiyo mstari wake wa ngano ulipinda, na msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Hakuumwa. Alikuwa anafikiri, labda kwa mara ya kwanza, kwamba katika masimulizi yote aliyomsahihisha hakuwahi kumuuliza swali moja dogo: je, ulifurahi?

Mnada uliofuata alirudi Katesh. Hakuwa na mnyama wa kuuza. Wale wa Singida walikuwepo, wakamkaribisha kwa shangwe, "Rubani amekuja!" Akabaki amesimama.

"Nilichowaeleza mwezi uliopita si changu. Aliyepanda ile ndege ni mke wangu, anayeshona magunia ghalani. Mimi nilibaki chini."

Wakatazamana. Kisha mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Mkeo? Mwanamke wa kushona magunia apande mbele, wewe dereva ubaki? Acha utani, mzee. Tusimulie tena ile ya theluji."

"Nawaambia kweli. Anaitwa Efrazia."

"Ana aibu huyu," mwingine akasema. "Waliosafiri sana ndivyo walivyo."

Aliwaapia. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumwona mnyenyekevu. Mwishowe aliwaachia uongo wake waendelee nao, kwa kuwa hawakutaka kumrudishia, akatembea mpaka lilipopita lori la shamba.

Alimkuta Efrazia anachambua maharage. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua konzi moja na kuanza kuchambua naye.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamekataa kuamini. Wanasema nina aibu."

Efrazia alijaribu kubaki na hasira yake, lakini mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka maharage yakamwagika. Basili hakucheka. Aliokota moja moja.

"Mama Margwe, bado ninaona wivu," akasema. "Hata sasa hivi. Sijui utaisha lini."

"Najua."

"Ulifurahi kule juu?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Mwanzo niliogopa. Halafu niliona hakuna mtu anayeniita. Hakuna mtoto, hakuna msimamizi, hakuna wewe. Nikalala." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Dakika zile arobaini, nusu yake nililala."

Basili alishika kichwa. "Ulilala! Ndani ya ndege!"

"Usingizi mzuri sana," Efrazia akasema, akamsogezea sinia.