Sauti Chini ya Kaburi la Shujaa

Timareta alikuwa mjane wa mfinyanzi, akiishi mwisho wa kijiji kimoja cha Boiotia, huko Ugiriki, jirani na kaburi la shujaa wa kale ambaye jina lake lilishasahaulika. Mashujaa wa Wagiriki hawafi wakatulia. Ukiwaheshimu hulinda mashamba; ukiwakosea, mimba huharibika na watu hurukwa na akili.

Kiangazi kile, kila jua lilipofika utosini, ilisikika shaba ikigonga jiwe chini ya kaburi. Ngo. Ngo. Mbuzi wakagoma kupita. Wanaume wakachinja kondoo dume mweusi, wakamimina damu kwenye bomba la udongo lililoingia kaburini. Kugonga kukazidi.

"Nimemwona," alisema Filto, askari mzee, midomo ikimtetemeka. "Jitu, limeshika mkuki. Linataka vita."

"Mimi pia nimemwona," Timareta akajibu. "Ni kijana. Nywele zinamchuruzika maji."

"We mama, huyo ni mwanao! Eukle alizama ziwani, shujaa kafa vitani. Usituchanganyie wafu."

"Basi na hilo jitu ni lako, Filto. Kila mtu anamwona aliyemleta mwenyewe."

Wakamcheka, ila hakuna aliyemtazama usoni.

Kesho yake mchana akaenda peke yake na maziwa na asali. Akapiga magoti, akamimina polepole. Kutoka bombani ukampiga ubaridi, kama pumzi ya mtu aliyekimbia sana.

"Wamekuomba nguvu miaka yote hii," akanong'ona. "Nani amekuuliza kama umechoka? Weka chini, mwanangu. Weka tu."

Kugonga kukakoma. Kisha akasikia kitu kizito cha shaba kikilazwa ardhini, taratibu, na mtu akishusha pumzi. Akalia mpaka kivuli cha kaburi kikamfikia. Tangu Eukle azame hakuwahi kulia.

Kabla ya mavuno ya zabibu, Filto alibisha mlangoni kwake, amekonda, macho mekundu.

"Mama Eukle, lile jitu limehamia kwangu. Linakaa kitandani."

"Lina uso gani?"

"Wangu. Wa ujana."

Timareta hakucheka. Akachukua mtungi wa maziwa, akamshika mkono kama anayeongoza kipofu, wakatoka juani kuelekea kaburini. Waliowaona wanasema Filto alirudi midomo imetulia, lakini hadi anakufa hakumwambia mtu alichojibiwa kule kaburini.