Lenzi Shingoni mwa Jirani

Dhahabu ilipoanza kutoka kwa wingi Kewanja, mpiga picha mmoja alikuja kutoka upande wa Kenya akafungua kibanda mkabala na changu cha picha. Nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza, na kibanda chake hakikuwa sababu. Shingoni alivaa kamba nyeusi yenye lenzi ndogo ya kukuzia. Alijifunika kitambaa nyuma ya kamera yake kubwa, akaiweka lenzi juu ya kioo ambako picha huonekana kichwa chini, akazungusha skrubu kidogo hadi picha ikatulia wazi, basi. Picha zake zilionyesha hata kope.

Mimi nilikuwa na kamera ya mbao ya marehemu baba, na macho yangu. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu kwa kamera hiyo. Picha za vitambulisho zilitutosha. Lakini wachimbaji waliopata fedha walitaka picha kubwa za ukutani, na huko kila ukungu unaonekana.

Mzee mmoja wa Gorong'a aliniita nipige picha ya ng'ombe wa mahari ya binti yake. Nilipompelekea, aliishika mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni yupi?"

"Ni yule mwenye doa begani, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu.

"Doa liko wapi? Wakwe wakija kubishana nami, nitawaonyesha moshi huu?"

Binti yake wa pili alikuwa anakaribia kuolewa. Nikamwomba mzee asinifukuze.

"Njooni wote wawili, wewe na yule wa ng'ambo," akasema. "Nitalipia picha ambayo ndani yake nawajua ng'ombe wangu."

Lenzi kama ya jirani iliuzwa mjini, na muuzaji aliponitajia bei nilicheka nikaondoka. Nikaazima lenzi ambayo mnunuzi mmoja wa dhahabu hukagulia chembe zake. Ilikuza sana, lakini ilitaka jicho liguse kioo. Pumzi yangu ikatandaza ukungu juu yake na pua ikagonga. Nikairudisha.

Kwa fundi redio wa Turwa nilikuta kamera ndogo ya filamu, imekufa, ameiweka juu ya karatasi zisipeperuke. Nikainyanyua, nikafungua mgongo wake, nikatazama kupitia lenzi. Nyaya zilizokuwa mezani zikawa nene kama kamba za kufungia ndama.

"Unanunua maiti, dada?"

"Nataka jicho lake tu."

Akanifungulia lenzi kwa bei ya mkate. Nyumbani niliiingiza kwenye kipande cha bomba la plastiki, nikakata bomba kidogo kidogo hadi, likisimama juu ya kioo cha kamera, chembe za kioo hicho zikaonekana wazi. Wadogo zangu waligombania kuitazama.

Siku ya mahari ya binti wa pili ng'ombe walifungwa kwenye uzio ili watulie. Jirani alipiga kwanza, bila haraka, na mimi nikamchukia kwa jinsi asivyokuwa na haraka. Kisha nikaingia chini ya kitambaa. Nililiweka bomba kiooni juu ya sura ya ng'ombe wa nyuma kabisa, nikazungusha skrubu, nikaona sikio lake lililopasuka.

Picha zilipokuwa tayari mzee aliziweka pamoja juu ya kigoda. Ya jirani ilikuwa kali mbele, nyuma ina ukungu. Alikaa na yangu muda mrefu, kidole kikitembea juu yake.

"Huyu nilimpinga. Walisema ni mzima, ona sikio." Akaikunja ya jirani akamrudishia, akanilipa mimi.

Njiani jirani akaomba kuona chombo changu.

"Sista, hii si ni bomba ya maji?" Akaiweka jichoni, kisha akavua kamba yake. "Haya, jaribu yangu."

Nikatazama. Kila kona iling'aa, nuru haikupungua popote, na yangu ilikuwa na kivuli pembeni ambacho sikuwahi kukiona. Nikamrudishia haraka, nikamwambia ni nzuri. Nilikuwa nimeipata kazi, na bado niliitaka ile kamba shingoni mwangu.