Shangazi Aliyefungwa Uani

Leo sokoni Mkuyuni nimenusa kamba ya katani iliyolowa, nikamkumbuka shangazi. Mtumbwi wao ulizama, mumewe na mwanawe wakafa maji, yeye akaokolewa. Kutwa aliwaita na kukimbilia ziwani, hadi bibi, mama yake, akamfunga kamba kwenye jiwe uani, kwa ushauri wa mganga.

Asubuhi moja alikuja mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, bibi. Huyu ana majonzi. Tumpeleke zahanati, atatibika."

"Marahaba. Watu waseme nimezaa kichaa? Nenda zako, mwanangu."

Mhudumu akaondoka. Shangazi akaniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu timamu, "Ameenda?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo hakumwita mtu tena, hata mimi, mpaka tulipomzika.