Deni la Macho ya Zaharia

Baruti ilipomlipukia Zaharia Ciolan kwenye machimbo ya mawe juu ya kijiji cha Scorușa, wenzake walimkuta ameketi juu ya jiwe, mikono magotini, kama mtu anayengoja chakula kiive. Uso wake haukuwa uso tena, ulikuwa damu iliyokandwa na vumbi jeupe. Aliwaomba wamtafutie kofia yake. Kofia ilipatikana, macho hayakupatikana. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, hajaoa, na tangu siku ile hakuna aliyemletea habari za kuoa.

Serikali ya enzi zile ilimpa miwani myeusi na fimbo nyeupe. Fimbo aliivunja gotini siku hiyohiyo akaitia jikoni ikawaka. Serikali zilizofuata zikampa posho ya upofu kila mwezi, na dada yake Saveta, mjane aliyerudi kuishi naye, akalipwa kidogo kama mwongozaji wake. Kwa fedha hizo ndugu wawili hao waliishi: unga wa mahindi, chumvi, kuni, na vidonge vya Saveta vya shinikizo la damu.

Lakini Zaharia hakuwa mtu wa kuongozwa. Baba yake, aliyekuwa mchinjaji wa kijiji, hakumlilia mwanawe. Wazazi wa siku zile hawakuwa na muda huo. Mwaka uleule wa baruti, siku ya Mtakatifu Ignati, wakati kila nyumba inachinja nguruwe wake wa Krismasi, alimtoa Zaharia uani, akamtia kisu mkononi, akamwekea vidole kwenye koo la mnyama. "Jicho ndilo linaloogopa," alimwambia. "Mkono hauogopi."

Nguruwe wa kwanza alimkosa. Kisu kiliteleza kwenye mfupa, mnyama akawatupa wanaume wanne waliomkalia, akamkanyaga Zaharia kifuani na kumvunja ubavu. Baba yake alimzaba kofi mbele ya watu wote, akamrudisha pale pale, mbavu zikimuuma, damu ikimchuruzika kidevuni. Safari ya pili vidole vilishuka chini ya taya, vikatambaa, vikapata kile kishimo laini juu ya mfupa wa kifua ambamo uhai unadunda. Kisu kikafuata vidole. Nguruwe alipumua mara moja akatulia.

Tangu hapo hakukosea tena. Baba alipokufa, kijiji kizima kilimwita Zaharia. Alfajiri ya Ignati alipita uani kwa uani, theluji ikilia chini ya buti zake, na kila alikopita palibaki dimbwi jekundu lenye moshi. Hakutoza mtu hata leu moja. Alikula nao nyama ya kwanza kutoka kwenye sufuria, alipewa glasi ya țuică, ile pombe kali ya plamu, akafuta kisu kwenye majani makavu, akaenda kwa mwingine. Ndivyo tulivyoishi. Leo mabanda yamebaki matupu, vijana wako Hispania wanachuma matunda ya watu, na soseji zinaletwa na gari, zimefungwa nailoni, hazina hata harufu ya moshi.

Maangamizi yake yalikuja kwa njia ya mapenzi. Relu, mwana wa Saveta, alirudi kutoka Hispania kwa Krismasi, akamfuata mjomba wake alipokuwa akichinja uani kwa mtu, simu mkononi, akimrekodi. Alimwomba ageukie kwenye mwanga kidogo. Zaharia, ambaye alidhani simu ni ya kuongelea tu, aligeuka. Relu akaitupa ile video mtandaoni na maneno ya kujisifu: mjomba wangu hana macho, wala hakosei. Halafu akapanda basi akarudi zake kwenye matunda.

Barua ilifika mwezi wa pili, theluji ikiwa imegeuka tope. Saveta aliisoma jikoni kwa sauti, kisha akairudia kimoyomoyo. Tume ya walemavu ilikuwa imethibitisha kwamba Zaharia Ciolan anaona. Kwa hiyo posho imesimamishwa, na fedha zote alizopokea isivyo halali kwa miaka mitano, pamoja na zile za mwongozaji, zirudishwe. Zisiporudishwa, nyumba na miti ya plamu vitapigwa mnada.

"Wanasema unaona," Saveta alisema.

"Nani kasema?"

"Hawataji mtu. Wanasema kuna ushahidi."

Saveta alikwenda kwa miguu hadi barabara kuu, akapanda basi la mjini, na huko karani kijana akamwambia bila kuinua kichwa kwamba ana haki ya kukata rufaa na kungoja. Wakangoja. Walikula ugali na kabichi iliyochachushwa pipani mpaka nguo zao zikanuka uchachu. Saveta aliacha vidonge ili anunue unga, na asubuhi moja Zaharia alimsikia akianguka karibu na kisima. Alimwinua, akamlaza, akamfunika. Hasira yake, ambayo tangu siku ya barua ilikuwa inazunguka bila kupata pa kutua, ikatua kwa jirani yake, Mitru Ghiban.

Nani mwingine? Ciolan na Ghiban walikuwa wanagombania mstari mmoja wa plamu tangu babu zao. Baba yake Mitru aliwahi kumpiga baba yake Zaharia shoka la bega, na Zaharia mwenyewe, akiwa bado ana macho, alimng'oa Mitru meno mawili kwa jiwe kwenye harusi ya watu. Mnada ukipigwa, nani angenunua miti ile kama si Ghiban?

Alisubiri usingizi umchukue dada yake. Akatoa kisu kwenye ala, akakitia ndani ya koti, akatoka akipapasa uzio.

Mitru alikuwa anapasua kuni. Zaharia alisikia shoka kabla hajafika langoni, akalifuata. Akasimama kimya nyuma ya banda mpaka likaja lile pigo lenye sauti ya kuziba, pigo la shoka lililonasa kwenye gogo. Ndipo akaruka. Bega lake lilimpata Mitru mbavuni, wote wawili wakaenda chini topeni. Mitru alikuwa mzito na hakuwa mwoga. Alimpiga kwa kipande cha kuni, pua ya Zaharia ikavunjika kwa mlio wa tawi kavu. Alimuuma mkono mpaka meno yakakutana na mfupa. Zaharia hakuuondoa mkono ule, alimwachia autafune, na kwa mkono mwingine akapanda: kifungo cha shati, ukosi, kidevu chenye ndevu za siku mbili, koromeo. Vidole vilipopata kishimo, alilala juu yake kwa uzito wake wote na ncha ya kisu ikaingia ngozini. Damu ya moto ikashuka ndani ya ukosi.

Mitru akaachia kuuma.

"Umeniandikia serikalini," Zaharia alisema.

"Nimekuandikia nini, mwehu wewe?"

"Kwamba naona."

Mitru alicheka, na kicheko kikalisogeza koo lake juu ya kisu, ncha ikazama kidogo zaidi. "Zaharia, sikiliza. Baba yangu alimpiga baba yako shoka. Alimwandikia?"

Damu ya pua ya Zaharia ilidondoka usoni mwa mwenzake.

"Jibu, bwana. Alimwandikia?"

"Hakumwandikia."

"Basi kamuulize mpwa wako. Kakutia kwenye simu. Binti yangu kakuona akiwa Valencia, mke wa padri kakuona, dunia nzima imekuona unachinja. Wewe tu ndiye hujajiona."

Zaharia alibaki juu yake kwa muda, kisu mahali pake. Mitru alisema baadaye kwamba pale ndipo alipoogopa, maana mtu aliyekosea mara nyingine humalizia tu kwa aibu. Kisha ule uzito ukaondoka. Kisu kilianguka. Kipofu akaketi kwenye gogo, mikono ikining'inia, mmoja umetafunwa.

Mambo yangeishia hapo. Zamani yangeishia hapo: wangenawishana damu, wangekunywa, wangechukiana tena kesho yake. Lakini muuza mkate alikuwa amesimamisha gari lake barabarani, mtu wa mjini huyo, na aliyoyaona juu ya uzio yalimtosha. Alipiga simu polisi.

Koplo alifika mchana, na nyuma yake kijiji kilichobaki, wazee na vikongwe, wakajipanga kwenye uzio. Mitru alikuwa amefunga taulo shingoni, limelowa jekundu. Buti lake la kushoto lilikuwa limesimama juu ya kisu, likikizamisha topeni polepole. Saveta alikuja mbio kichwa wazi, akasimama nyuma ya kaka yake, hakuthubutu hata kumgusa.

Koplo aliuliza nani kamkata mzee. Mitru akasema waya wa uzio. Koplo akamgeukia Zaharia, akaitazama ile pua, ule mkono, yale matope, akatabasamu.

"Mpiga simu kasema huyu kipofu alikuja mwenyewe, akakuvizia, akakuwekea kisu kooni. Kipofu huyo! Kuna ofisi moja ya posho itafurahi sana nikiwapelekea habari hiyo."

Hakuna aliyekuwa hajui barua ile. Mitru angeitikia kwa kichwa tu, Zaharia angekwenda gerezani, Saveta angelala barabarani, na miti ya plamu ingeuzwa kwa bei ya kuni. Babu watatu wa Ghiban walikufa wakiitamani siku hiyo.

Mitru alitema mate mekundu.

"Afande, mtazame kwanza. Huyu? Huyu ukimpa kijiko anatafuta mdomo sikioni. Dada yake ndiye humfunga vifungo vya suruali. Kaja kuomba moto, kajikwaa, kaniangukia, tukaanguka na uzio wote wawili. Kisu kipi? Huyu hata mkate hakati, humegewa."

Mtu mmoja alicheka kwenye uzio, halafu wote wakacheka, kwa sababu walielewa kwamba lazima wacheke.

"Na ile video ya nguruwe?" koplo aliuliza.

"Mkono niliushika mimi. Sikukuu, tumekunywa, tukasema tumpe kipofu naye afurahi. Mchinjaji ni mimi. Andika."

Koplo akamwinamia Zaharia. "Ni kweli hayo, mzee?"

Damu ilikuwa imeanza kukauka kwenye masharubu yake. Watu waliokuwepo wanasema mikono yake ilijikunja na kujikunjua mara kadhaa juu ya magoti, kama inatafuta kitu ilichokuwa imekishika. Saveta alikuwa analia bila sauti.

"Kweli," alisema.

"Sema vizuri niandike."

"Siwezi kitu. Nafungwa vifungo."

Maelezo ya koplo yalikwenda wilayani, na Saveta akayaambatanisha na rufaa. Kiangazi walimwita Zaharia mbele ya madaktari. Walimmulika kwenye matundu ya macho, wakamwambia atembee kutoka kiti hadi mlango, naye akatembea kama alivyoagizwa na dada yake, akaupiga mlango kwa paji la uso mpaka ukatetemeka. Jibu likaja kwamba deni limefutwa, posho imerudishwa, na kwamba mhusika hana uwezo wa kazi yoyote ya mikono. Saveta aliibusu karatasi. Alinunua vidonge vyake, na kuku mzima.

Kijijini waligawanyika. Wengine walisema Mitru alionyesha utu wa zamani, ule wa kutomkabidhi mtu kwa serikali hata kama ni adui yako. Wengine walisema hapana, Ghiban walijaribu shoka vizazi vitatu bila kumwangusha Ciolan, na sasa Mitru amemwangusha kwa ulimi, mbele ya watu, na kumlazimisha ashukuru. Mimi nadhani yote mawili yaliingia katika pumzi moja, na kwamba Mitru mwenyewe hakuyatenganisha.

Vuli ilipokwisha, Mitru alikuja kwenye uzio. Alikohoa, akazungumza habari za baridi, akasema nguruwe wake amenenepa hadi hainuki vizuri.

"Utakuja Ignati?"

"Kufanya nini?"

"Zaharia, acha utoto. Mlango utafungwa, simu za watu nitazikusanya ndooni. Nani atajua?"

"Kwenye karatasi mchinjaji ni wewe."

"Sijui kuchinja, jirani. Unajua kwamba sijui. Mnyama atateseka."

"Atateseka," Zaharia alisema, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu baruti akanyoosha mkono hewani ili dada yake aushike amwingize ndani.

Siku ya Ignati sauti ilianza alfajiri uani kwa Ghiban. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena; zikasikika sauti za wanaume wakitukanana, ubao ukivunjika, kishindo cha shoka likitumika pasipostahili. Saveta alitaka kufunga mlango. Zaharia alimzuia. Alisimama kizingitini, theluji ikiingia jikoni, vidole vya mkono wa kulia vikibonyea hewani kila sauti ilipopanda: chini kidogo, Mitru, chini zaidi, hapo, hapo.

Iliendelea mpaka jua likatoka. Ilipokoma, alifunga mlango mwenyewe, akapapasa meza kwa viganja viwili kama mtu asiyeijua nyumba, na akaketi kungoja kulishwa.