Nilimfunza Akoth Kutua Vibaya, Makusudi

Admin, funika jina langu vizuri, maana Migori watu wanatambuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane. Nina duka la vitenge, mume anayekoroma, na magoti yanayolia nikipanda ngazi. Ukiniona leo huwezi kuamini niliwahi kucheza basketi. Watoto wangu pia hawaamini. Chekeni tu, lakini mkimaliza mnisaidie.

Miaka ya tisini nilikuwa kidato cha tatu, shule ya wasichana, hapa Migori. Nilikuwa kapteni. Rafiki yangu, nimwite Akoth, alikuwa na mbio za kuudhi: ukimzuia kushoto, ameshapita kulia. Shida yake ilikuwa kusimama. Alifika chini ya goli kama lori lisilo na breki, akagonga mtu, au akatupa mpira hadi kwenye shamba la tumbaku la jirani.

Muhula huo mwalimu wetu wa michezo alihamishwa, mazoezi yakabaki mikononi mwangu. Majaribio ya timu ya mkoa yalikuwa yanakuja Homa Bay, na ilijulikana kwamba mwalimu mkuu wa shule moja kubwa atakuwepo, anatafuta wachezaji wa kusomesha bure. Baba yake Akoth alikuwa amefariki, na mama yake alishamwambia huo ndio muhula wake wa mwisho. Mimi baba yangu alikuwa na ng'ombe na mshahara. Nilichokosa ni mbio tu.

Akoth alinijia asubuhi kabla ya uji. "Nyaminwa, dada yangu, nifunze kusimama. Wewe miguu yako inakusikia."

Mwanzoni nilimfunza vizuri. Ukiwa mbioni, dakia mpira hewani, utue kwa miguu yote miwili pamoja, magoti yamekunjwa, halafu panda upige. Siku tatu tu, akawa amenishinda. Alikuwa anatua kimya kama paka na mpira unaingia. Nilimpigia makofi huku nikihesabu siku zilizobaki kabla ya Homa Bay.

Siku ya nne nikamwambia, "Ukishatua, ongeza karuko kadogo ujipange, ndipo upige. Wachezaji wakubwa hufanya hivyo."

Wanaojua basketi wameshashika kichwa. Ukitua na mpira mkononi kisha ukaruka na kutua tena nao, umetembea na mpira. Refa anapuliza, wapinzani wanapewa mpira. Sheria hiyo niliijua kuliko amri kumi. Lakini shuleni hatukuwa na refa, tulikuwa na mimi. Akoth alirudia kale karuko kila asubuhi mpaka kakamwingia mwilini.

Homa Bay aliwapita wasichana watatu kama wamesimama. Akatua, akaruka, filimbi. Mara ya pili, filimbi. Mara ya tatu refa akamwambia, "Msichana, hapa ni basketi, si kuruka kamba!" Uwanja mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Alitolewa, akaja kukaa kando yangu, jasho na machozi pamoja. Nilingoja anitukane. Akasema, "Nisamehe, nyaminwa. Ulisema kadogo, mimi nikaruka kakubwa. Nimekuaibisha."

Nikamjibu, "Si neno."

Nilichaguliwa mimi. Kwenye ile shule kubwa nilikalia benchi miaka miwili, nikawa mtaalamu wa kubeba chupa za maji. Akoth aliacha masomo, akaenda kisiwani Remba kuanika na kuuza omena, dagaa wa ziwani. Aliolewa huko, akafiwa huko.

Sasa amerudi Migori na tunasali kanisa moja. Akikutana na mgeni yeyote, Akoth humwambia, "Huyu ndiye mwalimu wangu wa basketi." Nami natabasamu kama mjinga.

Kitinda mimba wake yuko kidato cha kwanza, na mbio za mama yake amezichukua zote. Juzi Akoth aliingia dukani akiwa amewaka, akaniita kwa jina la mwanangu. "Min Otieno, hebu fikiria! Mwalimu wao anasema mtoto wangu anatembea na mpira. Kila mechi anapulizwa, sasa wanataka kumtoa kwenye timu. Nimemwambia apunguze karuko, kawe kadogo kama ulivyonifunza. Bado! Njoo Jumapili umwonyeshe huyo mwalimu. Yeye amezaliwa juzi, atajua nini?"

"Nitakuja," nikasema. Mdomo wangu huu.

Jumapili ni keshokutwa. Nikimwambia msichana aache karuko, Akoth ataelewa papo hapo. Maisha yamemkosesha mengi lakini si akili. Nikinyamaza, mtoto atatolewa. Mume wangu, mtu pekee niliyemwambia, anasema, "Sema sheria zimebadilika, mtoto atarekebishwa, basi." Ni rahisi kweli. Lakini Akoth ataendelea kuniita mwalimu mbele ya watu hadi tuzikwe, na mimi nimechoka kuitika.

Wenye dhambi kama yangu kaeni kimya leo, najua mtanihurumia. Nawauliza nyinyi mliokosewa na rafiki na hamkujua kwa miaka yote hiyo: mngetaka niwaambie? Au mngetaka niwaachie mwalimu wenu? Nijibuni kabla ya Jumapili.