Firimbi Kisimani

Ukame ule maji ya kisima chetu, karibu na Diff, yalishuka sana. Ilibidi watu watatu waingie ndani: kaka yangu chini kabisa, majini, mimi juu yake, miguu kwenye vishimo vya ukutani, na abti, mjomba wetu, karibu na mdomo wa kisima. Ndoo iliyojaa ilipanda mkono kwa mkono hadi kwenye hori la ngamia, tupu ikashuka. Zamu yetu ilikuwa iishe adhuhuri. Ngamia ambaye hajanywa angengoja siku nne, na ngamia wa mama yetu, aliyekuwa ananyonyesha ndama, asingezistahimili. Kwa udhaifu wake wenzake walimsukuma nyuma ya wote.

Siku zote tuliteka kwa wimbo, kaka akiongoza. Mimi kwa haya zangu niliguna tu.

Asubuhi hiyo binamu yetu alifika kutoka Garissa na firimbi ya refa wa mpira. Akasimama juu, ukingoni mwa kisima.

“Nyimbo zinawachelewesha. Firimbi moja, ndoo moja!”

Akapuliza. Kaka akainua ndoo kabla sijaiachia ile tupu. Akapuliza tena, haraka zaidi. Ndoo iliyojaa ikanimwagikia kifuani, ikamwangukia kaka begani.

“Wallahi, refa, nipe kadi nyekundu nitoke!” kaka akafoka.

“Jua limepanda,” abti akasema. “Naona vumbi la ngamia wa wenzetu. Weka hicho kitu mfukoni, njoo hapa kwenye hori.”

Kaka alikuwa anakandakanda bega, hakuimba. Nikaanza kuimba mimi, kwa sauti ndogo. Sikujua niende haraka kiasi gani, basi nikasikiliza pumzi za kaka chini na kutazama mikono ya abti juu. Mikono ya kaka ilikuwa mizito, ya abti miepesi. Ndoo chache zikagongana. Kisha, sijui ni ya ngapi, hazikugongana tena.

Ngamia wa mama aliinua kichwa kutoka horini, midomo ikidondosha maji, wakati wenye zamu iliyofuata walipokuwa wanatusalimu.

Nilipotoka nikauliza nani alikuwa anatuongoza.

“Nilikufuata wewe,” kaka akasema.

“Mimi pia,” abti akasema. “Kwani wewe ulimfuata nani?”

“Nyinyi.”

Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akakichungulia kisima. “Zamu yetu ijayo,” akasema, “niwekeni pale katikati. Nataka kuona.”